Mwalimu Aliyetaka Kupingwa

Kwa miaka kadhaa, katika viwanda na mashamba makubwa ya Morogoro, daktari aliyebanwa na meneja alikuwa na jibu moja tu: Mwalimu amesema. Ukikuta wafanyakazi wananung'unika kwamba wamenyimwa sindano ya vitamini waliyoizoea, ukiuliza sababu, utaambiwa Mwalimu amesema. Ukikuta zahanati ya kiwanda imeacha kumwandikia kila mwenye homa dawa ya malaria pamoja na ya taifodi, ni Mwalimu huyo huyo. Mimi mwenyewe nilikuwa msemaji wake, tena mwenye sauti kubwa. Kichekesho ni kwamba hakuna maneno aliyoyachukia duniani kuliko hayo mawili.

Alikuwa daktari kama sisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa ameshatibu viwandani miaka mingi kabla hatujamjua. Alitufundisha sisi madaktari wa maeneo ya kazi kitu kinachoitwa tiba ya ushahidi. Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni hii: usimpe mtu dawa kwa sababu umezoea kuitoa, au kwa sababu bosi wako wa zamani alikuwa anaitoa. Tafuta kwanza kama kuna watu waliopima wakaona inasaidia, na walipima vipi. Inaonekana jambo jepesi, lakini nenda kajaribu kuifanya zahanati nzima iishi hivyo, ndipo utajua.

Tulikutana naye Jumamosi, katika ukumbi mdogo wa kukodi upande wa Mazimbu, wenye viti vya plastiki na feni iliyokuwa inalia. Hakumwita mtu kwa jina. Alituita kwa kazi zetu: Wa Sukari, Wa Tumbaku, Wa Reli, Wa Kokoto. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kamba na magunia ya mkonge, basi nikawa Wa Magunia. Mke wangu aliposikia mara ya kwanza nikiitwa hivyo kwenye simu, alicheka mpaka akakaa chini.

Darasa lake halikuwa hotuba. Kila mmoja wetu alitakiwa aje na zoea moja, yaani jambo analolifanya zahanatini kila siku bila kujua sababu. Unasimama, unalitaja, halafu wenzako wanakushambulia. Wa Tumbaku alileta maziwa. Kiwandani kwao kila mfanyakazi wa chumba cha vumbi alikuwa anapewa pakiti ya maziwa ili yasafishe kifua, na viwanda vingi huku vimefanya hivyo toka zamani. Mwalimu akamtazama.

"Maziwa yanapita wapi ukiyanywa?"

"Kooni, Mwalimu. Yanaenda tumboni."

"Na vumbi liko wapi?"

Wa Tumbaku akakuna kichwa. Tulicheka sana, naye akacheka. Wiki iliyofuata akaja amevimba kwa furaha, ameandaa pendekezo la kuyafuta maziwa. Hapo Mwalimu akawaka. Alimuuliza kama amewauliza wanywaji, maana wengine walikuwa wanapeleka zile pakiti kwa watoto wao, na wote walikuwa wanatoka nje ya vumbi kwa muda ule wa kunywa. "Maziwa waachie," alisema. "Wewe acha tu kuyaita kinga, halafu kadai feni ya kuvuta vumbi." Ndivyo alivyokuwa. Ukidhani umemwelewa, anakugeuzia upande wa pili.

Sifa hakuwa mwepesi wa kutoa. Ukifanya kazi nzuri alikuwa anasema "haya" na kuendelea. Ukifanya vibaya, alikuuliza, "Umejuaje?" na swali hilo lilikuwa linashusha watu wazima kwenye viti. Alimuuliza hata muuza stroberi aliyemwambia kwamba zile za Nyandira ni tamu kuliko nyingine zote. Yule mama hakuwa na muda wa upuuzi, akamtilia moja mdomoni. Mwalimu akanunua ndoo nzima.

Alikuwa na mambo yake pia, tusimfanye malaika. Magoti yalipomsumbua alikuwa anakunywa maji ya moto yenye iliki, na tukimuuliza ushahidi uko wapi anajibu, "Hili ni la mama yangu, si la darasani." Shingoni alivaa medali ya Bikira Maria aliyopewa misheni akiwa binti, na hakuna aliyethubutu kuigusa kwa maswali. Gari aliendesha vibaya mno. Na mtu aliyekuwa anatuhimiza kumpinga, jaribu kumpinga kuhusu njia ya kupita kwenda Ngerengere, au jinsi ya kupika magimbi, uone moto wake. Alipokasirika, Kiswahili chake kilichukua lafudhi ya milimani, Kiluguru kikajitokeza katikati ya sentensi, na sisi tukanyamaza.

Mimi kwa upande mmoja nilikuwa na nafuu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye Mluguru, na makabila yetu ni watani. Aliniambia babu zangu walikuwa wabeba mizigo waliopita hapa wakaiba ndizi. Nikamjibu kwamba hakukuwa na haja ya kuiba, ndizi zilikuwa zinaporomoka zenyewe na shamba lake, maana Waluguru wanalima huku wameshikilia mgomba wasije wakaviringika hadi mjini. Kwa utani niliweza kumwambia lolote mbele ya watu. Lakini ikija habari ya tiba, nilikaa kimya kama wenzangu, nikaandika alichosema.

Na hicho ndicho kilichomuumiza. Alikuwa anatuambia mara kwa mara kwamba kazi yake itakuwa imekamilika siku mmoja wetu atakapokuja na ushahidi wa kumwangusha. Tukaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," halafu tukaenda kuyarudia maneno yake kama katekisimu. Sisi tumelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo na kumwachia neno la mwisho. Vyuoni profesa alipokosea tulikosea naye. Mtu hawezi kulitoa jambo hilo mwilini kwa Jumamosi chache za viti vya plastiki.

Mara moja tu Wa Kokoto alijaribu. Ilikuwa kuhusu barakoa za wavunja mawe. Mwalimu alisema aina fulani inatosha, yeye akasema kwake haikutosha. Mwalimu alianza kumuuliza: umepima nini, kwa watu gani, umelinganisha na nani. Hakumtukana, ila maswali yalikuja mfululizo, na Wa Kokoto alianza kutoka jasho. Mwisho akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Samahani sana, Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu akavua miwani. "Nimekuuliza maswali," alisema taratibu. "Mbona unaniomba msamaha?"

Akatuaga mapema siku hiyo, na alipokuwa anafunga begi lake nilimwona ana huzuni ya kweli. Muda si mrefu magoti yalimshinda, akaacha kufundisha, akarudi kwao Matombo.

Sasa nimlete Mwanaidi, maana bila yeye nisingekuwa na haki ya kuandika haya. Mwanaidi alifanya kazi kiwandani kwetu katika chumba cha brashi, ambako mkonge uliokauka unapitishwa kwenye mashine inayousugua mpaka unyooke na kung'aa. Ni chumba chenye vumbi kuliko vyote. Wanaotoka humo wana mvi za mkonge hadi kwenye nyusi. Alikuwa mjane, ana watoto watatu, na Meneja Utumishi alikuwa anataka kumfukuza kazi kwa sababu kila Jumatatu mchana anaomba kutoka, na Jumanne mara nyingi haonekani. Meneja alisema ni ugonjwa wa wikiendi, watu wanalewa Jumapili. Mwanaidi hajawahi kuonja pombe, hata togwa lililochachuka hagusi. Kilichokuwa kinasubiriwa ni daktari wa kiwanda, yaani mimi, nithibitishe kwamba hana ugonjwa wa kazi.

Alikuja akakaa mbele yangu, mikono mapajani.

"Daktari, Jumapili niko mzima kabisa. Nafua, napanda mlima kwenda shambani, narudi na kuni kichwani. Jumatatu nikiingia brashi, ikifika adhuhuri kifua kimenibana, utadhani mtu kanikalia. Ikifika Alhamisi kinalegea. Halafu Jumatatu tena."

"Umewahi kuwaambia madaktari wa nje ya kiwanda?"

"Nimewaambia. Wakaniandikia malaria na taifodi."

Nilijua habari ya kifua cha Jumatatu. Mwalimu alitufundisha vizuri: ni ugonjwa wa vumbi la pamba, unaobana baada ya mapumziko na kulegea katikati ya wiki. Lakini alitufundisha pia kwamba kwa mkonge ushahidi ni dhaifu, tafiti ni chache na za zamani, tusiwe wepesi kuutaja. Sisi tukafanya nini? Tukalifupisha. Viwanda vyote vya mkonge vikawa vinasema mkonge hauna shida hiyo, Mwalimu amesema. Nilipomwambia Meneja kwamba nataka kulichunguza jambo la Mwanaidi kwanza, akatabasamu kwa upole kabisa.

"Daktari, lakini si mwalimu wenu mwenyewe alisema mkonge hauna shida?"

Alikuwa amelisikia kutoka kwetu. Nilirudi ofisini hasira imenijaa, nisijue nimkasirikie nani. Mama wa watu anapoteza kazi kwa maneno ya mtu niliyempenda na kumheshimu kuliko walimu wangu wote, na hayakuwa hata maneno yake kamili. Nikamwomba Meneja anipe wiki chache, akakubali kwa shingo upande.

Nikafanya kama alivyotufundisha. Kuna kibomba cha plastiki mtu anachopuliza kwa nguvu, mshale unasogea kuonyesha pumzi yake ina nguvu kiasi gani. Nilichukua wafanyakazi wa chumba cha brashi na wa bohari, ambako hakuna vumbi, wote wasiovuta sigara. Tukawapulizisha Jumatatu asubuhi kabla ya kazi na alasiri baada ya kazi, na Alhamisi vilevile, wiki baada ya wiki. Niliogopa kwamba muuguzi akijua nani anatoka wapi atasoma mshale kwa huruma. Kwa hiyo kila mtu alinawa uso, akajifunika shuka jipya la hospitali toka kichwani mpaka miguuni, ndipo akaingia. Kiwanda kizima kilitucheka. Walisema Daktari anafunga ndoa za siri.

Matokeo yalikuwa wazi. Watu wa bohari, pumzi yao alasiri ilikuwa sawa na asubuhi au nzuri zaidi kidogo. Watu wa brashi, Jumatatu alasiri, ilishuka, na ya Mwanaidi ilishuka kuliko zote. Alhamisi ikawa afadhali.

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa Meneja. Lakini nilijua atanirudishia jina la Mwalimu, na nilijua pia kwamba nikipeleka jambo hili bila yeye kuliona, ni kama kumsema mtu mzima nyuma ya mgongo wake. Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Matombo. Ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa tope tupu, na kijana aliyeniendesha alinishusha mara kadhaa nisukume.

Nilimkuta barazani anachambua karafuu, miguu ameinyoosha juu ya kigoda. Alikuwa amekonda. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mnyamwezi umepanda mlima bila mzigo, leo kuna nini?"

Utani ulinitoka wote. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya mfanyakazi mmoja, nikaeleza habari ya Mwanaidi yote, na kufukuzwa kwake, na maneno ya Meneja. Nikatoa majibu yangu, nikamkabidhi. Niliogopa, nasema kweli, daktari mzima mwenye watoto wa sekondari.

Alisoma karatasi zote. Halafu maswali yakaanza.

"Wavutaji sigara?"

"Niliwaondoa."

"Pumzi hubadilika asubuhi na jioni hata kwa mzima. Umelijua hilo?"

"Ndiyo maana nikawapima wa bohari."

"Nani alisoma mshale?"

"Muuguzi."

"Na asingejua kwamba huyu ametoka brashi, na vumbi lote lile?"

Nikamweleza habari ya kunawa na mashuka. Mdomo wake ulicheza kidogo, lakini hakucheka. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Akaniuliza kama wale walionuna kupimwa niliwaacha. Nikamwambia hapana, niliwabembeleza wote. Akasema watu ni wachache, kiwanda ni kimoja. Nikasema ni kweli. Kila swali lilipokuja nilisikia ulimi wangu unataka kusema samahani, nikaubana kwa meno.

Mwisho aliweka karatasi juu ya karafuu.

"Kwa hiyo niliwapotosha."

"Hapana, Mwalimu, wewe ulisema tu kwamba ushahidi..."

"Usinifariji," alinikatiza. "Sikukufundisha kufariji. Niambie."

"Mwalimu, ulichotufundisha kuhusu mkonge hakikutosha. Kwa chumba kile si sahihi. Watu wanaumwa, na tumewarudisha kazini kwa jina lako."

Nilisikia aibu na nafuu kwa pamoja. Yeye alitazama bondeni kwenye migomba. Nikadhani nimemvunja moyo mzee wa watu katika baraza lake mwenyewe.

"Kikao cha huyo mama ni lini?" akauliza.

"Jumatatu."

"Basi kesho jioni nitashuka na wewe. Lala hapa. Kuna magimbi."

Jumatatu aliingia ofisini kwa Meneja akitembelea fimbo. Walikuwapo Meneja, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Mwanaidi mwenyewe katika gauni lake la Idi, na mimi. Meneja alipoambiwa huyu ndiye Mwalimu, alisimama akamwamkia kwa heshima zote, akamvutia kiti. Halafu, kwa kujiamini, akamwomba atusaidie kumaliza ubishi: je, mkonge una shida hiyo au hauna?

"Nilifundisha kwamba ushahidi ni dhaifu," alisema Mwalimu. "Nilipaswa kuongeza kwamba ni dhaifu kwa sababu hatujapima, wala si kwa sababu watu ni wazima. Sikuongeza. Huyu amepima, na nimejaribu kumwangusha tangu juzi, nimeshindwa. Hapa kiwandani kwenu, Mheshimiwa, mimi nilikosea na yeye yuko sahihi. Mama huyu anaumwa kwa sababu ya kazi yenu."

Mwanaidi aliinamisha kichwa akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Meneja aligeuzageuza kalamu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameegemea ukuta ambao sasa umeondolewa. Siku ile ile Mwanaidi alihamishiwa bohari bila kupunguziwa mshahara. Feni za kuvuta vumbi zilichelewa, tulizidai mpaka sauti zikakauka, lakini zilikuja, na leo katika chumba cha brashi unaweza kumwona mtu aliyesimama upande wa pili.

Nilimrudisha Mwalimu Matombo siku iliyofuata kwa gari la kuazima. Njia nzima alinikosoa: napiga gia vibaya, nipime tena mwakani, nitafute kiwanda cha pili, nisivimbe kichwa kwa watu wachache. Neno la kunisifu sikulisikia, na nilishajiambia sitalisubiri. Tulipofika karibu na misheni ibada ya asubuhi ilikuwa imekwisha, watu wamejaa njiani, akina mama na matenga ya mboga, Paroko amesimama getini. Mwalimu akaniambia nisimamishe gari. Akashuka kwa shida, akanivuta mkono nami nishuke.

"Baba Paroko, njoo," aliita. "Na nyie wote njooni, msalimieni mgeni wangu."

Wakasogea. Nilisimama pale, viatu vina tope, sijui niangalie wapi.

Akaning'ang'ania mkono, akauinua kidogo ili wote wauone.

"Huyu ni mwanafunzi wangu," alisema. "Alikuja mpaka nyumbani kwangu kunipinga, na akanishinda."